Tupime Unga Kabla ya Kukata Keki

Ndugu mwenyekiti, walimu wenzangu, wazazi na walezi mlioacha shughuli zenu mkaja: hamjambo, na asanteni.

Nimeombwa niseme jinsi jikoni kunavyoweza kumfundisha mtoto sehemu, yaani namba kama 1/2 na 3/4. Nianze na swali la mtihani. Mwaka 1978, huko Marekani, watoto wa miaka 13 waliulizwa hivi katika upimaji wa kitaifa: bila kukokotoa, kadiria jibu la 12/13 ukijumlisha na 7/8. Majibu ya kuchagua yalikuwa 1, 2, 19 na 21. Msikimbilie kalamu. 12/13 inakaribia moja kamili. 7/8 nayo inakaribia moja kamili. Moja na moja ni mbili, imekwisha. Waliochagua 2 walikuwa asilimia 24. Asilimia 28 walichagua 19 na asilimia 27 wakachagua 21, kwa sababu 12 na 7 ni 19, na 13 na 8 ni 21.

Watoto wale walijua kujumlisha. Walijumlisha vizuri kabisa, ila walijumlisha visivyojumlishika. Walipotazama 7/8 hawakuona kipimo kimoja chenye ukubwa wake. Waliona namba mbili zimebebana, saba juu na nane chini, kila moja na mambo yake. Na mtoto anayeona hivyo, hata umkaririshe kanuni mpaka aziimbe usingizini, siku kanuni zikimchanganyikia hana pa kushika. Hawezi kujiambia, "Hapana, jibu hili ni kubwa mno, haliwezekani."

Jambo hili haliishii darasa la nne wala la tano. Mwaka 2012 mwanasaikolojia Robert Siegler na wenzake walichapisha utafiti uliotumia takwimu za Marekani na Uingereza, wakaonyesha kwamba uelewa wa sehemu na wa kugawanya katika umri wa miaka 10 hutabiri jinsi mtoto atakavyofanya aljebra na hisabati kwa jumla akiwa sekondari, hata baada ya kuzingatia akili yake na hali ya familia yake. Kwa hiyo tunapozungumzia unga na vijiko asubuhi hii, hatuchezi.

Sasa tuingie jikoni. Najua wengi mnategemea nitoe kisu nikate keki vipande vinane. Sitafanya hivyo. Kukata tumekata sana. Kila kitabu cha sehemu kina duara lililokatwa na vipande viwili vilivyotiwa rangi, na mtoto anajifunza kuhesabu vipande: vilivyotiwa rangi vingapi, vyote vingapi, andika cha kwanza juu na cha pili chini. Mnaona? Tumemfundisha kuhesabu mara mbili. Tumemrudisha kulekule kwenye namba mbili zilizobebana. Kisha siku moja tunamwandikia 5/4 ubaoni, anatushangaa, maana keki yenye vipande vinne utaitoaje vipande vitano?

Sisemi kukata ni kubaya. Kukata kuna kazi yake, nayo ni kugawana, na watu wamegawana kwa akili tangu zamani. Kuna hati ya mafunjo ya Misri iliyonakiliwa na mwandishi aitwaye Ahmes yapata mwaka 1550 kabla ya Kristo. Maswali yake ya mwanzo ni ya kugawa mikate kwa watu 10. Chukueni lile la mikate 6. Sisi tungesema kila mtu apate 6/10, tukaishia hapo. Jibu la Ahmes ni nusu na sehemu moja ya kumi. Yaani kata mikate mitano katikati, unapata nusu kumi, kila mtu na yake. Mkate wa sita ukate vipande kumi. Kila mtu anaondoka na nusu mkate na kipande kidogo, na vyote vinafanana, hakuna wa kununa. Nawaombeni mkawape watoto wenu swali hili wiki hii, kisha mikate 7, kisha 8. Ni hesabu tamu. Lakini ni hesabu ya kugawana, na leo nataka tupime.

Tofauti ya kukata na kupima ni hii. Anayekata anaanza na kitu kizima na kukivunja. Anayepima anaanza na sufuri na kupanda. Jagi lenye mistari ubavuni ni mstari wa namba uliosimamishwa wima: sufuri iko chini kabisa, robo hapa, nusu pale, robo tatu, moja, halafu haliishii kwenye moja, linaendelea moja na robo, moja na nusu. Mtoto akimimina maziwa na kusimama penye robo tatu, hajahesabu vipande. Amepata kimo kimoja, na kimo hicho kina jina moja. Na ile 5/4 iliyomshangaza ubaoni hapa ni mstari tu, uko juu kidogo ya moja.

Vikombe vya kupimia vinavyouzwa kwa seti vinafanya kazi hiyohiyo kwa njia nyingine. Kipo kizima, cha nusu, cha theluthi na cha robo. Mpe mtoto wa miaka sita au saba cha theluthi na cha robo, mwulize kipi kikubwa. Ukimwandikia 1/3 na 1/4 atakwambia robo, kwa kuwa nne inazidi tatu. Ukimpa vikombe ataona mwenyewe, na asipoamini atajaza maji na kujaribu. Acha amwage. Maji yatafutwa kwa kitambaa.

Sasa jagi lile litumieni kumaliza ugomvi wa kujumlisha. Mimina nusu kikombe. Kabla ya kuongeza theluthi, uliza: maji yatapita mstari wa robo tatu au hayatapita? Mtoto akadirie, aseme kwa sauti, kisha amimine. Yule aliyezoea kujumlisha juu kwa juu na chini kwa chini atakuandikia 2/5. Usimwambie amekosea. Mwulize 2/5 iko wapi kwenye jagi. Iko chini ya nusu. Maji yalikuwa penye nusu, tumeongeza mengine, halafu yamepungua? Atacheka mwenyewe. Sasa ndipo anapotaka kujua pale maji yaliposimama panaitwaje, na sasa ndipo pa kumwonyesha kwamba nusu ni sudusi tatu, yaani moja ya sita mara tatu, theluthi ni sudusi mbili, jumla sudusi tano. Kama kikombe chenu ni cha mililita 240, nusu ni 120, theluthi ni 80, jumla 200, na 200 katika 240 ni hizohizo sudusi tano. Kigawe kidogo cha shirika, yaani ile sita inayogawanyika kwa mbili na kwa tatu, kimeingia jikoni kwa sababu kimehitajika, siyo kwa sababu ni mada ya ukurasa wa 64.

Tuje kwenye mapishi yenyewe. Kuongeza mara mbili ni rahisi, na kusema kweli hakufundishi sana. Mtoto anajumlisha kila kitu na chenyewe, basi. Utamu uko kwenye kupunguza, na hasa kupunguza kusikokuwa nusu. Chukueni keki hii ya kawaida, inayotoa keki ndogo 12: unga vikombe 3, sukari kikombe 1 na nusu, maziwa kikombe 1, mafuta robo tatu ya kikombe, mayai 3, unga wa kuumulia vijiko 3 vya chai, chumvi nusu kijiko cha chai. Chombo chetu kina nafasi 8 tu. Tunataka 8 katika 12. Mtoto wa miaka tisa au kumi, ukimwachia muda, ataona kwamba 12 ni nne mara tatu, na 8 ni nne mara mbili. Tunataka theluthi mbili ya kila kitu.

Unga: theluthi ya vikombe 3 ni kimoja, mbili ni viwili. Mayai 2. Cha kuumulia vijiko 2. Sukari inamfanya afikiri kidogo: kikombe 1 na nusu ni nusu tatu, ukichukua mbili unapata kikombe kimoja. Sasa mafuta. Theluthi mbili ya robo tatu. Darasani hapa tunaandika mbili mara tatu, tatu mara nne, sita juu ya kumi na mbili, rahisisha, nusu. Sahihi, lakini mwulize mtoto kwa nini imekuwa nusu, atakujibu, "Kwa sababu ndivyo tulivyofundishwa." Jikoni mpe kikombe cha robo, ajaze mara tatu katika vyombo vitatu, avipange. Hizi ni robo tatu. Theluthi mbili yake ni vyombo viwili kati ya hivyo vitatu. Robo mbili. Nusu kikombe. Hakuna kanuni iliyotumika, na bado ameshazidisha sehemu kwa sehemu.

Isitoshe, ameona jambo ambalo shule ilimficha bila kukusudia. Tangu darasa la kwanza amejifunza kwamba kuzidisha kunakuza. Hapa amezidisha na jibu limekuwa dogo kuliko alichoanza nacho, na halimshangazi hata kidogo, kwa kuwa alitaka keki chache.

Kama mnataka kwenda mbele, mwambieni apunguze nusu. Nusu ya robo tatu haigeuki kuwa namba nzuri ya kikombe chochote kwenye seti. Ni thumni tatu, yaani moja ya nane mara tatu. Atafanyaje na kikombe cha thumni hana? Vijiko vitamwokoa. Kikombe cha mililita 240 ni vijiko vikubwa 16 vya mililita 15, kwa hiyo robo ni vijiko 4, thumni ni vijiko 2, na thumni tatu ni vijiko 6. Mwingine atajaza robo, kisha aongeze vijiko 2. Njia zote mbili ni sawa, na mkiwa na watoto wawili waacheni wabishane mpaka wagundue wamefika palepale. Theluthi ya kikombe ndiyo korofi: vijiko vikubwa 5 na kimoja cha chai. Kwa maana hiyo nusu yake, yaani sudusi, ni vijiko vikubwa 2 na vya chai 2. Hesabuni wenyewe, kijiko kikubwa kina vya chai vitatu.

Sasa niingie mahali ninapopenda kuliko pote, nanyi mnivumilie. Kikombe cha nusu tu ndicho kilichopo, vingine viko kwenye maji ya sabuni. Mapishi yanataka unga robo tatu ya kikombe. Mwulize mtoto: utachota mara ngapi kwa kikombe hiki? Atachota mara moja kikiwa kimejaa, atachota mara ya pili mpaka katikati. Kazi imekwisha na unga ni sahihi. Mwulize tena: kwa hiyo umechota vikombe hivi vingapi? Wengi watakujibu, "Kimoja na robo."

Msikimbilie kusahihisha, maana jibu hilo lina akili ndani yake. Kweli alichomimina mara ya pili ni robo. Ni robo ya kikombe kizima. Lakini swali liliuliza kwa kikombe hiki, cha nusu, na kwa kikombe hiki alichomimina ni nusu yake. Jibu ni kimoja na nusu. Unga ni uleule, bakuli ni lilelile, lakini ni robo ukiutazama kwa kikombe kimoja na ni nusu ukiutazama kwa kingine. Swali la kumwuliza mtoto hapa ni maneno mawili tu: robo ya nini? Kama hamtachukua kingine chochote kutoka ukumbi huu, chukueni swali hilo. Mwanafunzi anayejiuliza "ya nini" kila anapokutana na sehemu ameshavuka mto ambao wengine huuzunguka mpaka kidato cha nne.

Baada ya hapo, na si kabla, mwandikie robo tatu gawanya kwa nusu. Geuza, zidisha, upate 3/2. Moja na nusu. Kanuni imethibitisha alichokwisha kukiona. Mpe na hii: vikombe viwili na nusu vya unga, una cha robo peke yake. Mara kumi. Amegawanya, na jibu limezidi namba zote mbili alizoanza nazo. Ule uongo wa pili, kwamba kugawanya daima hupunguza, nao umekwenda.

Kuna mzazi anaweza kuuliza: mimi sina seti ya vikombe. Huhitaji. Kikombe chochote cha chai kinafaa mradi vyote vipimwe kwa kikombe hicho, kwa sababu kinachobeba mapishi ni uwiano. Hata vikombe rasmi havikubaliani: cha Marekani ni karibu mililita 240, kwingine ni 250, na kijiko kikubwa ambacho kwa wengi ni mililita 15, Australia ni 20. Mayai ndiyo yatakayokusumbua, maana hayajui ukubwa wa kikombe chako. Kinachohitajika kweli ni kusawazisha. Fannie Farmer, mwalimu wa mapishi wa Boston, alisisitiza mwaka 1896 kwamba kijiko na kikombe visawazishwe kwa kisu, na tangu hapo upishi wa vipimo ukashika njia hiyo. Kikombe chenye kilima cha unga juu si kikombe kimoja, na mtoto akijifunza hilo amejifunza kwamba sehemu zina maana pale tu kizima kinapokuwa kilekile.

Mwingine atasema yeye anatumia mizani. Mizani ni nzuri kwa keki, kuliko vikombe. Kwa sehemu, siyo sana. Gramu 375 ni namba nzima, mtoto anaigawa kama gawio lolote na hakutani na sehemu njiani. Unaweza kumwuliza 375 ni ngapi ya 500, naye akapata robo tatu, na hilo ni swali zuri. Ila ni lazima uliulize wewe. Kikombe kinauliza chenyewe.

Nisiwadanganye kwamba jikoni kila kitu kinafuata hesabu. Keki ile ikiongezwa mara moja na nusu inataka mayai manne na nusu. Nusu yai ipo: vunja, piga, pima. Yai la kawaida bila ganda ni kama gramu 50, karibu vijiko vikubwa vitatu, kwa hiyo nusu yake ni kijiko kimoja na nusu. Lakini tanuri la nyuzi 180 halipandi hadi 360 kwa sababu unga umekuwa maradufu, na muda wa kuoka haufuati wingi wa unga. Waulizeni watoto kabla hamjawaambia. Wanaosema "na moto uwe mara mbili" wanahitaji mazungumzo, siyo kofi.

Chombo cha kuokea ni somo peke yake. Keki ya chombo cha duara cha sentimita 20 ikiongezwa mara mbili, mtoto atataka cha sentimita 40. Hicho ni kikubwa mara nne. Kinachotakiwa ni kama sentimita 28, kwa kuwa 28 mara 28 ni 784, na 20 mara 20 ni 400. Hapa tumetoka kwenye sehemu tukaingia kwenye eneo, kwa hiyo nawaachia walimu wa darasa la saba.

Kuhusu ninyi wakubwa, nina maombi machache. Mtoto asome mapishi, mtoto apime, mtoto aandike. Ukimpa kikombe na kumwambia "mimina hiki", amekuwa mkono wako wa pili na hajajifunza sehemu yoyote. Hapo nasema wazi kwamba kupika peke yake hakufundishi hesabu. Akadirie kabla ya kumimina. Apime vyote kabla moto haujawashwa, ili hesabu isishindane na mafuta ya moto. Aandike karatasini safu mbili, ya mapishi ya awali na ya mapishi yetu, kwa sababu alichokiona kwa macho kesho kitahitaji kuonekana kwenye daftari. Na msigeuze kila mlo kuwa kipindi cha hesabu. Watakimbia jikoni, tutakuwa tumepoteza hesabu na mpishi. Wavulana nao waingie, tafadhali. Thumni haiulizi nani kaishika.

Akikosea, mwache akosee. Keki yenye maziwa mengi italowa, itabonyea katikati, na mtafungua karatasi pamoja kutafuta ni mstari gani. Chumvi tu ndiyo ninayoisimamia mwenyewe, kwa kuwa kosa lake haliliki.

Huku mbele kuna meza sita. Kila meza ina bakuli, unga, jagi la maji na kikombe cha robo, basi. Watoto mlioko ukumbini mshike kikombe, wazazi mshike kalamu. Mapishi yaliyoko kwenye karatasi yanataka unga vikombe viwili na robo, nasi tunataka theluthi mbili yake. Kwanza kadirieni.